Kulegea nako ni kazi

Ukiwahi bucha asubuhi, kabla jua halijapanda, utakuta aina zote tatu za misuli zimeshapangwa mbele yako. Steki inaning'inia kwenye ndoano. Moyo uko kwenye sinia, mzima, na mafuta yake. Utumbo uko kwenye beseni, umeshaoshwa. Muuza nyama hahitaji kitabu cha baiolojia kukueleza kwamba vitu hivi havipikwi muda mmoja: sarara inaiva upesi, moyo unataka subira, na utumbo unaweza kukumalizia mtungi wa gesi. Havikatiki sawa wala havitafuniki sawa, kwa kuwa mnyama alipokuwa hai kila kimoja kilikuwa na kazi yake.

Naanzia bucha kwa sababu naamini hata darasani somo la misuli lingeanzia hapo. Badala yake mtoto wa sekondari anakaririshwa jedwali la safu tatu, tena kwa lugha asiyoiotea ndoto: huu una mistari, ule hauna; huu ni wa hiari, ule si wa hiari. Anaandika, anapata alama zake, anasahau. Anayefaulu mtihani huo anaweza kumaliza shule bila kujua kwa nini bibi yake anapewa kidonge kinacholegeza mishipa ya damu lakini hakimlegezi miguu. Na jibu la swali hilo lilikuwa ndani ya jedwali lile lile.

Lugha yetu nayo imeegemea upande mmoja. Wanasiasa wakizozana tunasema wanatunishiana misuli. Mwanafunzi anayekesha na daftari anapiga msuli, na akifeli wenzake wana neno lake: msuli tembo, matokeo sisimizi. Mtangazaji wa mpira akitaja nyama za paja tunajua mshambuliaji wetu atakaa benchi wiki kadhaa. Kote humo msuli ni nguvu, na nguvu ni kukaza. Mimi nadhani hapo ndipo tunapopotea. Msuli ni uwezo wa kukaza na kuachia kwa wakati wake. Aina tatu za misuli, yaani ya kiunzi kama steki, ya moyo, na laini kama ya utumbo, zinatofautiana kwa nani anazipa amri, zinashika kwa muda gani na zinaachia vipi, na baadhi ya maradhi yanayotuulia watu wengi ni hitilafu za kushika na kuachia katika misuli ambayo hakuna anayeitunisha mbele ya kioo.

Tuanze na kukaza kwenyewe. Tarehe 22 Mei 1954 jarida la Nature lilichapa makala mbili zilizofuatana. Moja iliandikwa na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine na Hugh Huxley na Jean Hanson. Hao Huxley wawili hawakuwa ndugu, na kila upande ulifanya kazi kivyake, ila walifikia jibu moja: msuli unapokaza, nyuzi zilizomo ndani yake hazijikunji wala hazifupiki. Zinateleza, hizi zikiingia kati ya zile, kama vidole vya mkono mmoja vinavyopita kati ya vidole vya mkono wa pili. Kuna nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini na nyuzi nene za miosini. Miosini ina vichwa vidogo vinavyoikamata aktini, vinavuta, vinaachia, vinakamata tena mbele kidogo, mfano wa mabaharia wanaopandisha nanga kwa kamba. Nyuzi hizo zikipangwa kwa safu zilizonyooka, kila fungu likiwa na urefu wa takriban sehemu mbili kati ya elfu za milimita, ndipo darubini inaonyesha ile mistari ya kwenye jedwali.

Kinachonivutia zaidi ni kuachia. Kichwa cha miosini kikishavuta, hakiwezi kuiachia aktini mpaka kipate molekuli mpya ya ATP, yaani sarafu ya nishati ambayo seli huitumia. Bila ATP kinabaki kimeng'ang'ania. Ndiyo sababu ng'ombe aliyechinjwa hukakamaa saa chache baadaye: nishati imekwisha, vichwa vyote vimeshika, hakuna wa kuviachisha. Mwili uliokufa unakakamaa kwa kukosa nguvu ya kulegea. Tunaposema mtu aliyelegea amepumzika, tunasahau kwamba ndani ya seli kulegea nako kunagharimiwa, kwa kuwa hata kalsiamu, madini yanayouwasha msuli yakimwagika ndani ya seli, lazima ipigwe pampu na kurudishwa kwenye ghala lake.

Wazee wetu waliiona hatari ya upande huo zamani, wakaipa jina: pepopunda. Sumu ya bakteria wa ugonjwa huo haiupi msuli nguvu mpya. Inazuia ishara za neva zinazotuliza msuli, basi. Taya linajifunga, mgongo unapinda, na mgonjwa anaweza kufa kwa kushindwa kuvuta pumzi, kwa sababu kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na misuli ya katikati ya mbavu, ni ya aina moja na misuli ya mkono. Yote ni misuli ya kiunzi, inayosubiri amri ya neva.

Misuli hiyo ya kiunzi ndiyo tunayoijua, kwa hiyo sitakaa nayo sana. Mwili una zaidi ya 600, na kwa mtu mzima mwenye afya inaweza kufika kama asilimia 40 ya uzito wake. Kila seli ni uzi mrefu wenye viini vingi vilivyosukumwa pembeni. Kuna nyuzi za mwendo wa polepole, nyekundu kwa wingi wa miyoglobini inayotunza oksijeni, na kuna nyuzi za kasi, zenye rangi hafifu, zinazolipuka na kuchoka upesi. Kata kuku uone: kidari ni cheupe kwa kuwa hupapatika mara moja moja tu, paja ni jeusi kwa kuwa anatembea kutwa. Kisha mkate njiwa, anayeruka masafa, ukute kidari chake ni chekundu iliyokolea. Kenya imetupa mifano ya kazi zote mbili: Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, muda ambao haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, na Ferdinand Omanyala, aliyemaliza mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi Septemba 2021. Mbio za kwanza zinadai nyuzi zisizochoka, za pili zinadai nyuzi zinazolipuka.

Kuna jambo moja la misuli hii ambalo lingetajwa zaidi. Mwaka 1961 Alexander Mauro, akichungulia msuli wa chura kwa darubini ya elektroni, aliona seli ndogo zimejibanza ubavuni mwa uzi wa msuli. Ni akiba. Msuli ukichanika zinaamka, zinagawanyika na kuziba pengo. Nyama za paja za mshambuliaji wetu zinapona kwa sababu zina mafundi wanaolala humo humo.

Moyo hauna mafundi wa namna hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walipima ndani ya seli kaboni-14, kaboni yenye mnururisho, iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita, wakaitumia kukisia umri wa seli za moyo wa binadamu. Waligundua kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha karibu asilimia 1 ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na mtu wa miaka 75 hafiki hata nusu ya hapo. Seli nyingi ulizo nazo kifuani leo ulizaliwa nazo au ulizipata utotoni, na utazikwa nazo. Kipande cha moyo kikifa kwa kukosa damu, kinachokuja kuziba ni kovu, na kovu halidundi.

Kwa muundo, moyo umechukua mistari ya misuli ya kiunzi na kuacha utii wake. Seli zake ni fupi, zina matawi, na zinashikana vichwa kwa vichwa kwenye maungio yenye vijitundu vya kupitishia umeme, hivyo cheche inayoanzia sehemu moja inaenea na chumba kizima kinadunda kama mtu mmoja. Cheche hiyo inatoka ndani ya moyo wenyewe. Ubongo unaweza kuuharakisha au kuutuliza, hauwezi kuuamuru usimame. Tena kila seli ikishawaka hukataa amri nyingine kwa karibu robo sekunde. Ukaidi huo ndio uhai wetu. Ungekuwa msuli wa mguu ungeweza kubanwa na kukaza mfululizo, kama mchezaji anavyolala chini dakika ya 85 akishika shavu la mguu. Moyo uliokaza hivyo kwa dakika chache ungekuwa maiti.

Mapigo 70 kwa dakika ni zaidi ya 100,000 kwa siku, na katika kila pigo muda wa kulegea ni mrefu kuliko wa kukaza. Chumba cha kushoto, kinachosukuma damu mwili mzima, kinapokaza huibana mishipa yake chenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya damu inayokilisha hupita wakati kimelegea. Moyo hula ukiwa umepumzika. Ukienda mbio kupita kiasi, kinachokatwa zaidi ni muda huo wa kula.

Sasa lile swali la kidonge. Miaka ya 1880 jijini London daktari Sydney Ringer alikuwa akiutunza moyo wa chura ndani ya maji ya chumvi, nao ukidunda vizuri. Baadaye akagundua kwamba maji yale yalitengenezwa kwa maji ya bomba. Alipotumia maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke, moyo ulififia na kusimama. Maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu. Jina la Ringer ndilo linalosomeka hadi leo kwenye chupa za dripu wodini. Moyo, basi, unahitaji kalsiamu iingie kutoka nje ya seli kwa kila pigo. Msuli wa mguu una ghala kubwa la kalsiamu ndani mwake, na unaweza kukaza bila kuomba ya nje. Misuli laini inayozunguka mishipa ya damu nayo inategemea sana milango ya nje. Amlodipini, dawa ya presha inayomezwa na watu wengi sana mitaani kwetu, huziba milango hiyo, hasa ya mishipa. Mshipa unalegea, presha inashuka, na bibi anatembea kwa miguu yake kama kawaida.

Neno "laini" limetuponza. Misuli hii imeitwa laini kwa kuwa haina mistari, nasi tukasikia unyonge. Seli zake zimechongoka ncha mbili, kila moja na kiini kimoja katikati, na nyuzi zake zimekwenda huku na huku kama wavu, kwa hiyo ikikaza inajisokota na inaweza kujifupisha sana. Hukaza polepole. Lakini ikishashika, inaweza kubaki imeshika muda mrefu kwa kula nishati kidogo mno, jambo ambalo mkono ulionyanyua ndoo hauliwezi kwa dakika kumi. Ukuta wa kila ateri ndogo mwilini umevikwa msuli huo, umeshika usiku na mchana.

Na kushika huko kukizidi ndiyo presha. Hesabu yake inatisha: upana wa mshipa ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha damu unaongezeka mara 16. Moyo unalazimika kusukuma dhidi ya mlango uliobanwa, na kama msuli wowote unaobebeshwa mzigo, unanenepa. Kijana akinenepa mkono huko jimu tunampongeza. Moyo ulionenepa hivi ukuta wake ni mgumu, unashindwa kulegea na kupokea damu, damu inarudi nyuma mapafuni, na mtu anaamka usiku wa manane akitafuta hewa dirishani. Mara nyingi kulegea huharibika kabla nguvu ya kusukuma haijapungua.

Mama mkubwa wangu alikuwa akimeza kidonge chake siku kichwa kinapomuuma tu. "Leo sina presha, mwanangu," alikuwa akiniambia, "nimeamka mwepesi." Nilikuwa nabishana naye kwa vitisho, na vitisho havikusaidia. Natamani ningekaa naye jikoni nimweleze kwamba misuli ile haina namna ya kumtaarifu. Misuli ya mkono ikichoka inauma, unajua. Misuli ya mishipa inaweza kubana miaka kumi bila kusema neno, na kidonge kinailegeza kwa muda wake tu, kisha inarudi kwenye tabia yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu na kwamba karibu nusu yao hawajijui. Sidhani ni uzembe wao. Tumewafundisha watu kwamba afya ya msuli inasikika na inaonekana.

Mwenye pumu amewahi kuzionja aina zote tatu kwa mvuto mmoja, hata kama hakuambiwa. Salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta, inalegeza misuli laini ya njia za hewa, kifua kinafunguka; dakika chache baadaye mikono inatetemeka kidogo na moyo unakwenda mbio. Dawa ni ile ile, misuli mitatu imeipokea kila mmoja kwa maumbile yake.

Lakini msuli ninaotaka tuuheshimu kuliko yote ni wa mfuko wa uzazi. Kabla ya ujauzito una uzito wa takriban gramu 70. Mimba ikifika mwisho unakaribia kilo moja au kuzidi kidogo, kwa seli kuongezeka na hasa kurefuka na kunenepa, na baada ya kujifungua unarudi karibu ulivyokuwa ndani ya wiki sita hivi. Hakuna jimu inayofanya hivyo. Kwa miezi tisa kazi yake kubwa ni kukataa kukaza, unyooke na kutanuka huku mtoto akipiga mateke. Siku ikifika, seli zake zinajenga maungio ya umeme kati yao, zinaanza kusikilizana, na ule ukimya wa miezi tisa unageuka uchungu.

Watu hudhani kazi yake inaishia mtoto anapolia. Hatari kubwa kwa mama ndiyo kwanza inaanza. Mimba ikikomaa, damu inayopita kwenye mji wa mimba ni zaidi ya nusu lita kwa dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha inabaki wazi. Hakuna uzi wa kuifunga wala mganda wa bandeji unaofika huko. Kinachoifunga ni msuli wenyewe: nyuzi zake zimepishana kwa mafundo yenye umbo la tarakimu 8 kuizunguka mishipa, na mfuko ukikaza kila fundo linanyonga mshipa wake. Mfuko ukibaki umelegea, mama anavuja damu, na muda mfupi unatosha kumpoteza. Takriban asilimia 70 ya visa vya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua vinatokana na kulegea huko. Duniani kote tatizo hili huua makumi ya maelfu ya wanawake kwa mwaka, wengi wao katika nchi kama zetu.

Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alionyesha kwamba kitu kilichokamuliwa kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kinakaza mfuko wa uzazi wa paka. Ndiyo oksitosini. Mama akimweka mtoto kwenye ziwa mwili wake huimwaga wenyewe, na yale maumivu ya tumbo anayoyasikia mtoto akinyonya, ambayo wengi huyaita chango, ni mafundo yale yakikazwa. Oksitosini ya sindano inaokoa maisha kila siku, ila inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika inaweza kuwa na dawa kabatini, mkunga akaichoma kwa wakati, na mfuko usiitike kwa sababu dawa ilishaharibika kwa joto. Mwaka 2018 jaribio la wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, lilionyesha kwamba karbetosini, dawa nyingine ya kukaza mfuko, ya aina isiyoharibiwa na joto, haikuwa nyuma ya oksitosini katika kuzuia damu kuvuja. Mwaka uliofuata ikaingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hapa nasema wazi: wizara inayopanga bajeti ya majokofu bila kupiga hesabu ya dawa isiyohitaji jokofu haijausoma msuli huu.

Jaribio la pili lilitugusa zaidi. Matokeo yake yalitoka Mei 2023, kutoka hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likihusu wanawake zaidi ya 200,000. Halikuleta mashine ya bei mbaya. Mama aliwekewa shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, kwa kuwa jicho hukadiria pungufu na mkunga anachelewa kushtuka. Alama ikifikiwa, yote yalifanywa kwa mkupuo: kusugua mfuko kupitia tumbo, dawa ya kuukaza, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, dripu, na kuchunguza damu inatoka wapi. Kutokwa damu kupindukia na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60.

Katika orodha hiyo yote, la kwanza halihitaji umeme wala duka la dawa. Mkunga anaweka kiganja karibu na kitovu cha mama aliyejifungua sasa hivi, anabonyeza, anatafuta. Akikuta kitu kilicholegea kama unga uliozidiwa maji, anakisugua kwa mzunguko na kuita wenzake kwa sauti. Akikuta mviringo mgumu, ukubwa wa nazi, anaandika saa kwenye faili, anamfunika mama, na baada ya dakika 15 anarudi kubonyeza tena.